Shangazi, nikijiangalia kwa kioo naona mshtakiwa wa tatu

BARUA

Shangazi shikamoo. Mimi ni kijana wa miaka 16, niko Nakuru, mtaa sitataja lakini ni huku upande wa Kaptembwo na Rhonda. Tafadhali usiweke jina langu. Naandika na simu ya mathe akiwa amelala kwa hivo nikikosea maneno unisamehe, na tena ni ndefu.

Niko na kesi kortini. Wizi wa kimabavu. Tuko watatu, hao wengine ni watu wazima, mmoja ana 22 mwingine 25, mimi ndio mdogo na mimi ndio wa tatu kwa karatasi. Huko hakuna mtu hukuita jina. Karani akifungua faili anauliza mshtakiwa wa kwanza yuko, wa pili yuko, wa tatu yuko, na wewe unainua mkono tu. Siku ya kwanza nilichelewa kuinua juu nilikuwa nangoja niskie jina langu, askari akanidunga kidole kwa mbavu. Sasa nimezoea na hio ndio shida yenyewe, manake juzi mwalimu wa sande skuli aliniita jina mbele ya watu nikakaa kama sekunde tano hivi sijaitika, nilidhani ni mtu mwingine anaitwa.

Kile kilifanyika ni hivi. [Hapa nimekata mistari kumi na mbili. Sababu utaiona kwa jibu langu. Shangazi] Na hio sehemu ya mwisho sijaambia mtu yeyote, hata mathe, hata wakili, wewe ndio wa kwanza.

Usiku wa kwanza nililala kituoni, selo moja na watu wazima. Kulikuwa na mzee kwa kona alikuwa ameshikwa na mambo ya chang'aa, akaniuliza wewe mtoto umeletwa na nini, nikamwambia vile afande aliandika, akanyamaza kidogo halafu akasema kijana hio kifungu ni kamba. Hakucheka. Mpaka leo nikiona kamba, hata ya kuanika nguo, tumbo inanikata. Baadaye nikapelekwa rimandi ya watoto nikakaa wiki tano ndio dhamana ikapatikana. Huko sikuchapwa sana lakini unajifunza. Unajifunza kutembea. Ukitembea kama mtoto wa mama wanakula chakula yako, kwa hivo nikaanza kutembea nikirusha bega, macho nusu, mdomo imefungwa, na ikafanya kazi wakaniacha. Shida ni imekataa kutoka. Sistangu mdogo ako gredi ya tano, aliniona nikitoka choo akasema "unatembea kama wao." Hakusema na ubaya, alikuwa anasema tu vile mtu husema mvua inakuja. Niliingia kwa nyumba nikalia nikiwa nimeuma blanketi ndio asiskie.

Dhamana ilikuwa elfu hamsini pesa taslimu. Mjomba wa Malava aliuza ndama, na chama cha mathe ikatoa elfu kumi na nane. Hio chama ni wamama kumi na nne wanauza viazi na vitunguu pale Wakulima, na tangu nikiwa darasa la saba mimi ndio nilikuwa nawaandikia kitabu, nani ametoa mia mbili, nani ako na deni, zamu ni ya nani. Hakuna siku shilingi ilipotea. Vile nilitoka rimandi nikapata kitabu imepewa msichana wa nyumba ile ingine. Hakuna mtu alisema kitu. Siku ya mkutano wakaja kwetu, nikawapelekea chai, na mmoja wao, mama ananipenda sana huyo, akavuta handibegi yake karibu na mguu. Nadhani hata hakujua amefanya hivo. Mimi niliona.

Shule waliambia mathe nikae kwanza nyumbani mpaka kesi iishe. Mtaani nikipita kuna wasee wa boda huimba "Confirm, Confirm", hilo ni jina la genge la huku Nakuru, halafu wanacheka.

Sasa kuna hii ya uso. Mathe alitoa koti ya marehemu baba kwa sanduku akasema nivae hio kortini ndio hakimu aone nimetoka nyumba ya watu. Mikono inafunika vidole. Navaa usiku nasimama kwa kioo najaribu uso. Nikitabasamu kidogo naona watasema huyu hana majuto. Nikinuna naona jambazi kabisa. Nikiangalia chini naona mtu ana makosa. Nikiangalia mbele naona mtu ana kiburi. Nimejaribu zote. Kuna siku nilisimama hapo mpaka saa tisa usiku na sikujua tena uso wangu wa kawaida ulikuwa gani.

Mara ya mwisho yule mama aliyeibiwa alitoa ushahidi. Mkono wake mmoja bado hauinuki vizuri, aliapa na ule mwingine. Prosekyuta akamuuliza kama anaona hao watu hapa ndani, akaonyesha wa kwanza, akaonyesha wa pili, halafu kidole ikakuja kwangu ikakaa. Akasema na huyu, huyu ni rika ya mtoto wangu, huyu sijawahi kumuelewa. Shangazi nilitaka sakafu ifunguke. Najua mahali anauzia omena. Nataka kwenda nimpigie magoti.

Wakili nilipewa na korti, wa bure, tumeongea mara mbili kwa veranda kama dakika kumi. Kesi inarudi mwezi ujao. Nauliza, nitanyongwa? Niende na uso gani? Niende kwa huyo mama? Na ile kitu nilikuambia nimwambie wakili ama ninyamaze nayo? Na hii ya mwisho usiniambie "wewe ni mtoto mzuri" kama vile mathe anasema, niambie ukweli. Mimi ni mwizi?

Kijana wa Nakuru

JIBU LA SHANGAZI

Marahaba mwanangu.

Naanza na zile mistari nimekata. Ulichoandika hapo ni kuhusu usiku wenyewe, nani alisema nini, wewe ulikuwa wapi na ulijua nini saa ngapi. Nimesoma mara moja, nimefuta, na sitarudia hata kwa mafumbo. Sio kwamba imenishtua. Nilikaa karibu miaka ishirini kwa ile meza iko chini ya hakimu, nikiwa karani na mkalimani, nimetafsiri mambo mazito kuliko hayo kutoka Kijaluo hadi Kiswahili na sauti yangu haikutetemeka. Nimekata kwa sababu kesi yako iko hai, na kitu ukiandika kwa simu kinaweza kufika kortini kikiwa kimebeba miguu yake. Kwa hivyo futa hiyo meseji kwa simu ya mama. Usiandikie rafiki, usiandikie mshtakiwa wa kwanza wala wa pili, usiweke stetasi ya kuuma uma maneno. Mtu wa kuambiwa hayo ni mmoja tu na nitamfikia.

Kamba kwanza, ndio ulale leo. Huwezi kunyongwa. Yule mzee wa kona hakukudanganya kabisa, kwa mtu mzima wizi wa kimabavu ni kifungu cha 296(2) na kitabuni adhabu yake bado ni kifo, ingawa Kenya haijanyonga mtu tangu 1987. Lakini wewe una miaka 16, na sheria ya watoto, hii mpya ya 2022, inakataza mtoto kuhukumiwa kifo na inakataza pia kumtupa jela ya watu wazima. Hata yale maneno ya kutiwa hatiani na kuhukumiwa hayatakiwi kutumika kwa mtoto. Korti ikikupata na makosa, na nasema ikikupata, inaweza kukurudisha kwa mzazi chini ya uangalizi, kukupa probesheni, kukupa kazi ya jamii, ama ikiona ni nzito sana ikupeleke taasisi ya vijana kama ile ya Shikusa huko Kakamega, na huko huwezi kukaa zaidi ya miaka mitatu. Sikupambi na maua, Shikusa sio nyumba ya shosho. Lakini ni mahali watu huingia na kutoka, na wengine hutoka na cheti cha ufundi.

Na hiyo ya kulala selo na watu wazima, Katiba kifungu cha 53 inasema mtoto akizuiliwa awekwe mbali na watu wazima, na azuiliwe tu kama hakuna njia ingine, tena kwa muda mfupi. Usinyamaze nayo. Mwambie wakili tarehe na saa. Uko na cheti cha kuzaliwa? Mama akitafute leo, kesho akitoe kopi mbili, moja ya wakili moja ya faili, kwa sababu bila cheti utapelekwa kwa daktari akuangalie meno akisie miaka, na nimeona mtoto wa miaka 16 mwenye kifua kipana akiandikwa 18 hivi hivi. Kwa sababu umeshtakiwa na watu wazima kesi inaweza kukaa korti ya kawaida, sio ile ya watoto, lakini utoto wako hauachwi kwa geti. Wakili akumbushe korti kila mara, kwa sababu korti zina mafaili mengi na mtu mrefu mwenye koti kubwa husahaulika kwamba ni mtoto.

Sasa wakili. Mwambie. Yote, na hiyo sehemu ya mwisho ndio ya kwanza kumwambia. Najua unaogopa atakuona vibaya ama atakimbilia prosekyuta. Hawezi. Yale unamwambia kuhusu mambo yaliyopita ni siri kisheria, korti haiwezi hata kumlazimisha ayatoe. Vijana wengi nimewaona wakipoteza kesi ambazo walikuwa na nafasi, na shida yao ilikuwa wakili kuskia kitu kwa mara ya kwanza kutoka mdomo wa shahidi. Unaona wakili anageuka anamtazama mteja wake, na hakimu anamuona akigeuka. Hapo imeisha. Sheria yetu ina mambo ya nia ya pamoja, yaani watu wakipanga kosa pamoja kila mmoja anabeba kama amefanya yote, kwa hivyo kile mtu alijua na kile hakujua, alichokubali na alichokataa, ndio moyo wa kesi kama yako. Huwezi kumpeleka mtu vitani na umemficha adui amesimama wapi.

Dakika kumi za veranda hazitoshi. Nenda na mama ofisini kwake, ama umpigie umuombe saa moja kamili kabla ya siku ya korti, na kama anazidi kusukuma, siku ile ukiwa mbele ya hakimu inua mkono useme kwa heshima kwamba hujapata muda wa kuongea na wakili wako. Kwa Kiswahili. Hakimu husikia, na karani huandika, niamini.

Mwambie pia akueleze kinachofuata, lakini nikuonjeshe. Prosekyuta akimaliza mashahidi wake, hakimu anaangalia kama una kesi ya kujibu. Kama ushahidi haukugusi vya kutosha unaachiliwa hapo hapo. Ukiambiwa una kesi ya kujibu usizimie, watu wengi husikia hayo maneno wakidhani ndio hukumu, kumbe ni zamu yako tu imefika. Hapo unachagua. Unaweza kuapa uongee na uulizwe maswali, unaweza kuongea bila kuapa na prosekyuta hatakuuliza kitu, na unaweza kunyamaza kabisa. Zote ni haki yako, na ipi inakufaa utaamua na wakili akiwa amejua kila kitu, unaona tunarudi pale pale. Kitu kimoja tu, ukiapa usidanganye. Wakili mzuri hatakusaidia kudanganya na wewe mwenyewe hujui, nimesoma barua yako, wewe ni mtu wa kuandika nani ametoa mia mbili na nani hajatoa.

Hapo ndio nataka kukaa.

Umeniuliza wewe ni mwizi na ukanikataza kukubembeleza. Sawa. Sijui korti itasema nini na sitajifanya najua. Lakini umechanganya maswali mawili na hiyo ndio inakusimamisha kwa kioo mpaka saa tisa. Kortini swali ni moja, usiku ule, pale, ulifanya nini. Linajibiwa na mashahidi, na simu, na nani alikuwa wapi, na ni prosekyuta anatakiwa kuthibitisha, sio wewe kujitetea uso. Hilo swali lina mwisho, siku moja litaandikwa kwa karatasi na kupigwa muhuri. Lile lingine, huyu ni mtoto wa aina gani, korti pia huliuliza, lakini kwa wakati wake na kwa njia yake. Kuna afisa wa probesheni atakuja kwenu. Atakaa kwa hiyo kochi yenu, atauliza mama, atauliza shule, atauliza jirani na mzee wa nyumba kumi, na akienda Wakulima atauliza wamama wa viazi. Anaandika ripoti. Nimezisoma hizo ripoti mamia, zingine zimenitoa machozi nikiwa kazini na nikasema ni vumbi.

Sasa fikiria hao wamama. Wewe umeona handibegi. Ni sawa, iliuma, na hiyo mama siku moja atakumbuka na itamuuma yeye. Lakini mimi nimeona elfu kumi na nane. Unajua mtu wa viazi hupata ngapi kwa gunia siku soko imelala? Watu kumi na nne wametoa pesa ya zamu yao kumtoa ndani kijana ambaye polisi wameandika ni jambazi, halafu hao hao wakaogopa kumpa kitabu. Yote mawili ni kweli kwa mtu mmoja siku moja. Binadamu ndio hivyo, anakuamini na anakuogopa na chai ni ile ile. Kitabu usiidai sasa. Lakini yale maandishi yako ya miaka yote hiyo yako mle ndani, kurasa baada ya kurasa, na hakuna shilingi imepotea, na afisa akija mama amuombe mwenyekiti amuonyeshe. Hiyo ina uzito kuliko sura yoyote utapanga kwa kioo.

Na watu wa mtaa, wale wa kuimba Confirm. Nakuru ilipitia kitu mwaka wa 2022, wanawake wameuawa kule Mawanga kwa nyumba zao wenyewe, watu walikuwa wanafunga milango saa kumi na mbili jioni, hata mimi niliongeza kufuli. Hofu kama hiyo haitoki kwa mji haraka, inatafuta kijana yeyote wa kukalia. Hawakuoni wewe. Pita njia ingine kama kuna njia ingine, na usiwajibu, kwa sababu ukipigana ukiwa na dhamana umewapa polisi sababu ya bure.

Kwenda kwa yule mama, hapana. Hapana kabisa. Najua moyo umekupeleka huko na sio moyo mbaya, lakini yeye ni shahidi, na mshtakiwa akionekana kwa meza ya shahidi, hata kama amepiga magoti, hata kama analia, prosekyuta anaweza kuita hiyo vitisho na dhamana inaweza kufutwa siku hiyo hiyo. Ndama ya mjomba imeenda. Tena fikiria upande wake, ako na omena zake, anainua kichwa anakuona wewe umesimama hapo. Utamuua na presha. Usinunue omena kwake, usitume mtu, usipite hapo. Kama una neno la kumwambia, liandike nyumbani kwa karatasi, mpe wakili akae nalo. Kuna siku kesi itaisha, vyovyote itakavyoisha, na hapo utajua kama bado unataka kulisema na kama yeye anataka kuliskia. Alisema hajawahi kukuelewa. Mimi nikiwa kwa hiyo meza ningeandika hilo neno na nisilisahau, kwa sababu shahidi mwenye chuki tupu husema huyu ni mwizi na anakaa chini. Huyo mama bado anakufikiria.

Mambo ya kutembea. Mwanangu, hiyo bega ulirusha ilikulinda wiki tano. Ishukuru, usiionee aibu. Mtu akivaa gumbuti kwa matope sio kwamba miguu yake imekuwa mpira. Itatoka polepole, na haitoki kwa kuangalia kioo, inatoka kwa kufanya vitu ulikuwa unafanya. Beba gunia la viazi na mama asubuhi. Saidia sistako na hesabu za gredi ya tano, na akikuambia tena unatembea kama wao mwambie nionyeshe, atembee kama wewe, mcheke. Watoto hutibu kwa mchezo kile sisi wakubwa tunatibu kwa kelele.

Shule ni haraka tu. Hakuna korti imekupata na makosa bado, na Katiba inasema mtu hana hatia mpaka ithibitishwe, na haki yako ya kusoma haikukamatwa na wewe. Mama aende ofisi ya watoto ya sub-kaunti aulize afisa amsaidie na barua. Asiende kugombana na mwalimu mkuu, aende na barua.

Na ukiona usiku umekuwa mrefu, hiyo ya kutojua uso wako, hiyo ya tumbo kukata ukiona kamba, piga 116. Ni ya watoto, ni bure, na wanapokea hata usiku. Na kama kuna siku akili itakuambia heri usiwepo, usingoje usiku uishe, amsha mama. Amsha tu. Mama aliyekesha wiki tano ukiwa rimandi hatakasirika kuamshwa.

Sasa uso. Nimekuachia mwisho kwa sababu najua ndio uliuliza kwa moyo wote. Nimeona mahakimu wengi, na nikuambie siri ya kazi, hakimu muda mwingi hakuangalii. Anaandika. Kichwa chini, kalamu inakimbia, anakutazama mara tatu nne kwa siku nzima na mara moja ni ya kuuliza kama unaelewa lugha. Hizo mara tatu mtazame vile unamtazama mwalimu akikuuliza swali umesoma. Shahidi akiongea, skiza kweli. Mtu anayeskiza hana haja ya kupanga uso, uso unajipanga. Na umwombe wakili, ikiwezekana, akikutaja akutaje kwa jina. Mawakili wengine hufanya hivyo bila kuambiwa, wengine lazima uwaombe. Ukiskia karani amesema wa tatu, inua mkono, na ndani ya moyo itikia jina lako.

Asubuhi hiyo kula kitu. Chai na mkate inatosha, lakini kula. Nimeona vijana wakianguka kizimbani saa tano na watu wakasema ni hatia imemshika, kumbe ni njaa. Fika saa mbili, zima simu kabla ya mlango, nenda choo kwanza.

Na hiyo koti ya baba, vaa. Lakini ukienda na mikono inafunika vidole utashinda unaivuta siku nzima na ndio hutajua mikono uweke wapi. Mama aipeleke kwa fundi hapo mtaani wiki hii, asikate, akunje tu ndani na ashone kwa mkono, ndio ukiendelea kukua ifunguliwe.